Kano ya kisigino imekatika: jinsi ya kulinganisha aina za oparesheni kabla hujasaini fomu

Mtu akikatika kano ya nyuma ya kisigino, hii inayoitwa Achilles, swali la kwanza analokutana nalo hospitali ni je tufanye oparesheni au tusifanye, na la pili ni kama tunafanya basi tunafungua kwa staili gani, na hapo wengi wanajibu "dokta wewe ndio unajua, fanya unavyoona" alafu wanasaini. Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba, hawa watu naletewa wakiwa wameshashonwa au wameshafungwa POP, yani hogo, na naiona tofauti kati ya aliyeelewa alichofanyiwa na asiyeelewa, kwasababu aliyeelewa anajua pia ni kitu gani akilinde. Kwa hiyo hapa naeleza jinsi ya kuzilinganisha hizo njia ili ukikaa na dokta muongee mkiwa mnaelewana. Msimamo wangu nauweka mapema: njia za upasuaji zenyewe kwa zenyewe zinatofautiana kidogo kuliko watu wanavyodhani, uzito mkubwa uko kwenye umewahi kiasi gani, ngozi yako na sukari yako ikoje, nani anakushona, na wiki nane za mwanzo unaziishije.

Kwanza jiridhishe kwamba ni kano kweli

Stori karibu zote zinafanana. Jamaa ana miaka thelathini na kitu au arobaini, wiki nzima yuko ofisini au kwenye gari, Jumapili kuna bonanza la maveterani, anaingia bila kupasha misuli vizuri, anachomoka kuukimbilia mpira, ghafla anasikia "pa!" nyuma ya mguu na anageuka kuangalia nani kampiga teke, kumbe nyuma hakuna mtu. Huyo usimwambie apake dawa ya kuchua akapumzike.

Kinachodanganya ni kwamba bado anaweza kuchezesha vidole na hata kutembea kwa kuchechemea, maana kuna kano nyingine ndogo pembeni zinazosaidia kuushusha unyayo, alafu X-ray ikipigwa mara nyingi mifupa iko salama, basi anaambiwa umeteguka tu nenda nyumbani. Inakadiriwa angalau mtu mmoja kati ya watano anakosewa hivi mwanzoni, na kila wiki inayopita ndio unaenda kutolewa kwenye oparesheni rahisi kuingizwa kwenye ngumu.

Kuna kipimo hakihitaji mashine yoyote, madaktari wanakiita kipimo cha Thompson. Mgonjwa alale kifudifudi, miguu yote miwili ining'inie nje ya kitanda kuanzia kwenye kifundo. Anza na mguu mzima, shika kigimbi kwa kiganja, minya, utaona unyayo unajinyoosha wenyewe na kisigino kinavutwa juu bila mgonjwa kufanya chochote. Sasa hamia mguu unaouma, minya hivohivo. Kama unyayo umetulia tu, kano imekatika. Kabla hata hujaminya utaona mguu wenye shida unaning'inia wima zaidi ya mwenzake, alafu ukipitisha kidole taratibu kuanzia mfupa wa kisigino kupanda juu, kwenye sentimita 2 mpaka 6 hivi kidole kinazama kwenye kishimo. Hapo ndipo kano nyingi zinapokatikia, ni sehemu inayopata damu kidogo kuliko sehemu nyingine za kano.

Ultrasaundi inasaidia sana na sio lazima MRI. Muombe anayepiga aangalie mara mbili, mara ya kwanza unyayo ukiwa umelegea na mara ya pili unyayo ukielekezwa chini kabisa, aandike kama ncha mbili zinakutana au zinaacha nafasi na nafasi hiyo ni kiasi gani. Hiyo sentensi moja kwenye ripoti itabeba nusu ya uamuzi wako.

Na jambo moja ambalo watu hawalitaji kwa dokta kwasababu hawaoni linahusiana vipi: kama wiki chache nyuma ulimeza siprofloksasini, ile sipro tunayojinunulia duka la dawa kwa ajili ya tumbo au mkojo, sema. Kundi hilo la antibiotiki linajulikana kudhoofisha kano, Marekani tangu 2008 linatakiwa kuwa na onyo kali kabisa kuhusu kano kukatika. Sindano za steroidi nazo, hasa zilizochomwa hapohapo kisiginoni, zitaje.

Kufungua au kutofungua

Usirukie kulinganisha visu kabla hujajua kwamba kutopasuliwa kabisa ni tiba halali, sio tiba ya aliyekosa hela. Mguu unafungwa vidole vikielekea chini ili ncha za kano zigusane, unaingia kwenye buti la plastiki lenye vikabari chini ya kisigino, vikabari vinapunguzwa kimoja kimoja wiki hadi wiki na unaanza kukanyaga mapema.

Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa Norway, watu 554 waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu na 526 wakaingia kwenye hesabu ya mwisho, kundi moja halikupasuliwa, la pili likafunguliwa wazi, la tatu likashonwa kwa tundu dogo. Baada ya miezi 12 wakaulizwa kuhusu nguvu, maumivu, kupanda ngazi, kukimbia na kuruka, na makundi yote matatu yakatoka sawa, hakuna lililoshinda. Tofauti ilijitokeza sehemu mbili. Kano kukatika tena ilikuwa asilimia 6.2 kwa wasiopasuliwa na asilimia 0.6 tu kwa waliopasuliwa, iwe wazi iwe tundu dogo. Na neva kuumia ilikuwa asilimia 0.6 kwa wasiopasuliwa, 2.8 kwa waliofunguliwa wazi, 5.2 kwa tundu dogo.

Rudia kuzisoma hizo namba taratibu maana ubishi wote uko humo ndani. Ukipasuliwa unanunua uhakika zaidi kwamba haitakatika tena, na unalipia kwa hatari ya kidonda na ya neva. Haununui mguu wenye nguvu zaidi mwakani. Mtu akikuambia bila oparesheni hutacheza tena, huyo anakuuzia kitu.

Kutopasuliwa kunakaa vizuri kwa mtu aliyewahi, yani siku chache za mwanzo, ultrasaundi inaonyesha ncha zinakutana mguu ukielekea chini, na ana pa kufuatiliwa kila wiki. Kunakaa vizuri zaidi kama kidonda kwako ni hatari kubwa: sukari haijatulia, unavuta sigara, damu haifiki vizuri miguuni, unatumia steroidi kwa muda mrefu, umri umeenda na hukimbii kimbii. Kano iliyokatikia juu kabisa, pale inapoungana na nyama ya kigimbi, nayo mara nyingi haihitaji kisu. Upande wa pili, kijana anayeishi kwa miguu yake, mchezaji, askari, fundi wa kupanda nguzo, au mtu ambaye ncha zake hazikutani, au iliyokatika mara ya pili, huyo mazungumzo ya oparesheni yana maana. Sasa tuziangalie.

Oparesheni ya wazi

Hii ndio ya zamani na ndio madaktari wengi wa mifupa huku kwetu wameisomea na wameifanya mara nyingi. Unachomwa ganzi ya mgongoni, unalazwa kifudifudi, pajani wanafunga mkanda wa kuzuia damu ili daktari aone vizuri. Anachana sentimita 6 mpaka 10 hivi, na hachani katikati, anasogea kidogo upande wa ndani wa mguu. Sababu ni mbili: upande wa nje kuna neva inaitwa sural, inayoleta hisia pembeni ya unyayo, na kovu likiwa katikati kabisa litakuwa linasuguliwa na kiatu maisha yako yote.

Chini ya ngozi kuna utando mwembamba umeizunguka kano na ndio unaoiletea damu, daktari makini anaufungua kwa upole maana ataushona tena akimaliza. Ndani anakuta damu iliyoganda, na ncha za kano hazijakatika mkato safi, zimechanikachanika kama ufagio wa chelewa uliochakaa. Anazisafisha, anaanza kushona. Mshono unaotumika sana unaitwa Krackow: sindano inaingia pembeni mwa kano, uzi unapigwa kitanzi unajibana wenyewe, unasogea hatua moja, kitanzi kingine, hatua nyingine, ukifika juu unavuka unashuka upande wa pili kwa vitanzi hivohivo mpaka ncha mbili za uzi zinatokea pale kano ilipokatikia. Anafanya hivo kwenye kipande cha juu, anafanya kwenye kipande cha chini. Uzi ni mnene na hauyeyuki. Alafu msaidizi anaushikilia unyayo ukielekea chini, na daktari anafunga nyuzi za juu na za chini pamoja.

Kwenye kufunga hapo ndipo pana siri ya oparesheni nzima, na wagonjwa hawaulizi. Akifunga kwa kulegeza, kano inapona ikiwa ndefu. Kano ndefu haiumi, kovu linapendeza, kila mtu anafurahi, lakini baada ya miezi nakuambia simama kwa mguu mmoja unyanyue kisigino, kisigino hakipandi, au kinapanda nusu tu kinashuka. Kigimbi kinakuwa kinavuta kamba iliyolegea. Hilo mazoezi yanapunguza kidogo lakini hayalimalizi. Ndio maana madaktari wengine wanaandaa na kusafisha miguu yote miwili hata kama wanapasua mmoja, ili kabla ya kufunga walinganishe unavyoning'inia huu na ule mzima. Mimi ningependa kila mtu aulize hili.

Uzuri wa njia ya wazi ni kwamba daktari anaona kila kitu, anaona ncha, anaona urefu, neva anaikwepa kwa macho, na haihitaji kifaa chochote cha kuagiza nje. Ubaya wake ni kidonda. Ngozi ya nyuma ya kisigino ni nyembamba, haina nyama chini yake, damu yake ni ya kubahatisha, na umechanwa mchano mrefu hapohapo. Kikiachia au kikiingia bakteria ni shughuli. Mashabiki wa Arsenal mnamkumbuka Santi Cazorla, aliumia 2016, yeye kano haikukatika uwanjani, ni upasuaji wa kifundo ulioingia bakteria wakaila kano yake sentimita kadhaa, akapasuliwa tena na tena, ngozi ya kuziba ikatolewa mkononi pamoja na kipande cha tatuu ya jina la binti yake. Alirudi kucheza 2018 akiwa Villarreal lakini ule ni mguu uliotafutwa. Visa vizito hivo ni vichache, ila vile vidogo vidogo vya kidonda kuchelewa kufunga, ukingo wa ngozi kuwa mweusi, uzi kujitokeza, hivo tunaviona.

Tundu dogo

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Cha kwanza ni ile ya kutoboa tu bila kuchana, ilielezwa na Ma na Griffith mwaka 1977, daktari anatoboa vitundu vidogo pembeni mwa kano upande huu na huu, anapitisha sindano ndefu na uzi kutoka tundu moja kwenda lingine, anavuta, anafunga fundo chini ya ngozi. Haoni kano yenyewe, anaenda kwa vidole na uzoefu. Kidonda karibu hakuna, lakini ile neva ya sural inapita karibu sana, inatokea juu katikati ya kigimbi na kuvuka ukingo wa nje wa kano kwenye sentimita 10 hivi juu ya kisigino, na uzi unaopita gizani unaweza ukaibana. Aliyebanwa neva anakuambia pembeni ya unyayo pamekufa ganzi, au mbaya zaidi panawaka moto akivaa soksi.

Cha pili ni mchano mdogo, sentimita 2 mpaka 4 palepale ilipokatikia, ambao umekuja kurekebisha lile tatizo. Daktari anaingiza kifaa chenye mikono miwili ndani ya ule utando, kinaikumbatia kano kulia na kushoto, anapitisha sindano kutoka nje ya ngozi kupitia matundu ya kifaa, kisha anakivuta chote kitoke kupitia ule mchano mdogo, na kikitoka kinakuja na nyuzi zote zikiwa ndani ya utando, zimeikamata kano peke yake. Neva inabaki nje. Vifaa vya hivi vipo vya kampuni mbalimbali, Achillon ndio umesikika sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na bei sio ya kitoto. Lakini jueni kitu: kuna madaktari wanaofanya njia hiyohiyo kwa kutumia koleo za pete, zile za kushikia sponji ambazo zipo karibu kila chumba cha upasuaji. Kwa hiyo ukiambiwa hatuna kifaa, bado unaweza kuuliza kama dokta anaijua hiyo.

Kuna toleo lingine ambalo nyuzi za juu zinashushwa mpaka kwenye mfupa wa kisigino na kubanwa na skrubu maalum badala ya kufungwa fundo katikati, inasemekana inashika vizuri, ila ni vifaa vya kuagiza na kwa mtu wa kawaida sioni sababu ya kuuza kiwanja kwa ajili hiyo.

Tundu dogo lina ustaarabu wake, kidonda kinapona haraka, kovu dogo, kwa mtu ambaye ngozi yake ina mashaka lakini oparesheni anaihitaji ningeifikiria kwanza. Ila ina masharti. Inataka uwe umewahi, wiki mbili za mwanzo hivi, kabla ncha hazijajivuta na kushikamana na nyama za pembeni. Inataka kano iwe imekatikia katikati. Iliyong'oka kwenye mfupa wa kisigino haishonwi kwa tundu dogo la aina hii, hiyo inataka kufunguliwa na kubanwa kwenye mfupa. Na inataka mikono iliyozoea. Daktari ambaye amefungua wazi kwa miaka na tundu dogo anataka kulijaribu kwako, mimi ningemwambia kwa heshima zote, dokta fanya ile unayoifanya kila siku.

Ukichelewa

Huku kwetu hili ni kundi kubwa. Mtu kachuliwa kwa mafuta ya moto mwezi mzima, kafungwa bandeji, mwezi wa pili ndio anafika hospitali kubwa kama KCMC au MOI Muhimbili au Kenyatta anasema nikipanda ngazi mguu hauna nguvu. Zikishapita wiki 4 mpaka 6 kigimbi kimeshavuta ncha ya juu kwenda zake na pengo limejaa kovu laini. Tundu dogo hapo lisahau, ni kufungua, tena mchano mrefu, na kinachochaguliwa kinategemea pengo baada ya kovu kuondolewa.

Pengo likiwa dogo, chini ya sentimita 2, bado ncha zinaweza kuvutwa zikashonwa. Kati ya 2 na 5 daktari anaweza kwenda juu kwenye utando wa kigimbi, anachana umbo la V, anaivuta kano ishuke, anashona umbo la Y, au anakunja kipande cha kano yenyewe kutoka juu kuja kuziba. Likizidi 5 mara nyingi anaazima kano nyingine, na inayoazimwa sana ni ile inayokunja kidole gumba cha mguu, inapita jirani kabisa, inakatwa chini inapandikizwa kwenye mfupa wa kisigino na nyama yake yenye damu nzuri. Watu wanaogopa kusikia kidole gumba kinaibiwa kano. Kutembea hakuharibiki, nguvu ya kidole kusukuma ndio inapungua, na mchezaji wa mbio ataisikia, mtu wa kawaida anaizoea. Hapa matarajio yashushwe kidogo, lengo ni kutembea bila kuchechemea na kupanda ngazi, mpira wa ushindani ni majaliwa.

Cha kumuuliza dokta

Usiende na simu imejaa video ukamuonyesha. Nenda na maswali yanayojibika. Wewe mwenyewe dokta unafanya ipi mara nyingi, na zile za karibuni vidonda vimepona vipi. Kwangu mimi na ngozi hii na sukari hii ungechagua ipi, na ungekuwa na sababu gani ya kutonipasua. Urefu wa kano utaupimaje kabla ya kufunga. Baada ya hapo nafungwa nini, POP au buti, na nani ananifuatilia. Damu kuganda kwenye mishipa tunaizuiaje, maana mguu uliofungwa haufanyi kazi ya kusukuma damu, na kama ulishawahi kuganda damu au unatumia vidonge vya majira hilo ni la kutaja wewe bila kusubiri kuulizwa.

Kwenye gharama usiulize oparesheni shilingi ngapi ukaishia hapo. Uliza na nyuzi, na kifaa kama kipo, na buti, na vipindi vya mazoezi miezi minne mitano, na kipi bima inabeba, kwasababu nimeona watu wanamaliza hela yote chumba cha upasuaji alafu mazoezi wanafanya kwa kukisia nyumbani. Ukilazimika kubana, bana kwenye kifaa cha gharama, usibane kwenye mazoezi.

Na buti likikosekana usikate tamaa, POP inayobadilishwa kila wiki kadhaa huku unyayo ukipandishwa kidogo kidogo inafanya kazi. Uingereza walilinganisha POP na buti kwa watu 540 ambao hawakupasuliwa, matokeo yakatoka 2020, na baada ya miezi 9 miguu ilikuwa sawa. Buti ni raha zaidi, unaoga, unatembea mapema, lakini hogo sio adhabu.

Wiki za mwanzo

Hapa njia zote zinakutana, wazi, tundu dogo, hata asiyepasuliwa. Wiki mbili za kwanza mguu juu, juu kweli, kisigino kikiwa juu ya usawa wa moyo, sio kwenye stuli wakati wewe umekaa. Kidonda kinapona kwa kuondoa uvimbe. Nyuzi za ngozi zinatolewa kwenye wiki ya pili, unaingia kwenye buti vidole vikielekea chini, unaanza kukanyaga kwa magongo kadri ulivyoambiwa, vikabari vinapungua mpaka wiki ya 6 au 8. Ukitoka kwenye buti mpelekee fundi viatu ndala au raba zako aongeze soli ya kisigino, aongeze zote mbili usije ukaumia kiuno.

Adui mkubwa muda huu ni unyayo kukunjwa kuja juu, na sisi maisha yetu yamejaa mkao huo. Choo cha kuchuchumaa, kisigino kiko chini goti liko mbele, kano inavutwa mpaka mwisho wake. Tafuteni kiti cha choo cha kuwekea juu ya tundu, mafundi wanatengeneza, au kata tundu katikati ya kiti cha plastiki. Kwenye swala, rukuu na sijda fanya ukiwa kwenye kiti, dini imeruhusu, ule mkao wa tahiyatu vidole vikiwa vimekunjwa chini sio wa mguu huu kwa miezi. Bodaboda usipande, ukikanyaga chini kwa ghafla kusimamisha pikipiki umemaliza kila kitu. Na kunyoosha kano kwa kuegemea ukuta, zoezi ambalo kila mtu mtaani atakushauri, usilifanye miezi mitatu ya mwanzo, hilo ndio linaloirefusha kano iliyoshonwa vizuri.

Kuanzia wiki ya 12 hivi tunaanza kunyanyua visigino, vyote viwili kwanza umeshika meza, uzito tunauhamisha polepole kwenda mguu wenye shida. Kukimbia taratibu miezi minne mpaka sita, mpira miezi sita mpaka kumi na mbili, na kipimo changu sio kalenda, ni kunyanyua kisigino kwa mguu mmoja kwa kurudia rudia na kwa urefu unaokaribia wa mguu mzima. David Beckham alikatika Machi 2010 akiwa Milan, akapasuliwa Finland kesho yake, Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita, akarudi uwanjani Septemba, na huyo alikuwa na timu nzima ya watu wanaomhudumia asubuhi mpaka jioni. Ukiona jirani anakuambia yeye alicheza mwezi wa tatu, mwache.

Ukiwa nyumbani kuna vitu vya kukurudisha hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kliniki: kidonda kutoa maji machafu au harufu, ukingo wa ngozi kuwa mweusi, homa. Kigimbi kuvimba na kuuma kwa namna mpya, ukigusa ni cha moto. Kuteleza bafuni ukasikia "pa" nyingine hata kama maumivu yameisha baada ya dakika. Na kifua kubana au kukosa pumzi ghafla, hapo usipige simu kwa fizio wala kwa shemeji aliyesomea unesi, nenda idara ya dharura muda huohuo, hata kama ni saa nane usiku.